Waini nyeupe ya Italia kwa kipindi cha joto: mimi nimekutana na Verdicchio, wajuzi njooni

Mvuja Jasho:

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko Ancona kikazi, huu mwezi wa pili sasa, na joto la huku mwezi wa saba halina adabu. Watu wakisikia Ulaya wanadhani ni baridi mwaka mzima. Juzi ule msalaba wa kijani wa duka la dawa ulikuwa unaonyesha nyuzi 37, saa kumi jioni.

Kwa kawaida mimi ni mtu wa bia. Waini nyeupe nilikuwa naichukulia kama kinywaji cha harusini: unapewa glasi, unaishika upigwe picha, halafu unatafuta pa kuitelekeza.

Sasa wiki iliyopita nilimsindikiza mwenzangu wa kazini bandarini, anavuka kwenda Croatia. Feri ikachelewa saa tatu. Hakuna tangazo, hakuna kiti, kivuli ni cha kugombea. Tukaachana na foleni tukaingia kimgahawa chenye meza sita, mabegi tukayasukumia miguuni. Nikaagiza bia na kome wa Portonovo, wale wanaowaita moscioli, wanaoota wenyewe kwenye miamba ya mlima Conero. Mama mwenye mgahawa ni mtu mzima, aproni ina madoa ya wino wa ngisi. Alileta sahani, akaiangalia, akaiangalia na bia yangu, akaiondoa bia. Hakuniuliza. Akarudi na jagi la kioo la nusu lita linatoka jasho, akamimina, akasema neno moja tu: Verdicchio.

Rangi yake ni ya majani makavu, ila ukiinua glasi kwenye mwanga unaona kijani kwa mbali. Funda la kwanza ni uchachu unaokamua mate pembeni mwa ulimi. Likafuata tufaha bichi, na harufu kama ya shamari. Halafu ukishameza kinabaki kiuchungu, kama ile lozi moja mbaya unayokutana nayo ukiwa umeshakula kiganja kizima. Nikadhani imeharibika. Kufika funda la tatu nikagundua kwamba mkono unarudi kwenye glasi kwa sababu ya kiuchungu hichohicho.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni kingine. Tulikaa pale saa mbili, jagi liko mezani, barafu hakuna, waini ikapoteza ubaridi. Bia ikifika hapo ni ya kumwagia maua. Hii ilizidi kuwa nzuri. Harufu zikaongezeka, ule uchachu ukabaki umesimama palepale.

Tangu siku hiyo nimekunywa chupa nne tofauti, moja nzuri sana, mbili za kawaida, moja maji ya chumvi. Kwa hiyo naomba mnisaidie: nikisimama mbele ya rafu naangalia nini kwenye lebo? Na kuna nyeupe gani nyingine ya Italia inayostahimili joto namna hii?

---

Nimekaa Pale:

Ngoja waje. Mimi nimeshavuta kiti.

---

Mzee Kandambili:

Mleta uzi umeandika insha nzima kwa jambo la sentensi moja. Nimeishi Verona miaka 6. Wakati wa joto nachukua Pinot Grigio ya euro 5, naitupa friji mpaka iume meno, nakunywa. Waini nyeupe ikiwa baridi zote ni sawa. Hayo mambo ya shamari na lozi ni ya watu wenye muda.

---

Mvuja Jasho:

Mzee wangu, heshima yako iko palepale, ila umejipiga mwenyewe kwa kauli yako. "Ikiwa baridi zote ni sawa." Ni kweli kabisa! Ikiwa nyuzi 3 au 4, kama inavyotoka kwenye friji, ulimi unakufa ganzi na harufu hazipandi, husikii kitu. Sasa kwenye joto la nyuzi 35 glasi yako inakaa baridi dakika ngapi? Kumi? Baada ya hapo ndiyo unaanza kuinywa waini yenyewe. Kama uzuri wake wote ulikuwa ubaridi, umebaki na nini?

---

Mzee Kandambili:

Nakunywa haraka.

---

Nimekaa Pale:

😂😂😂 Mzee kafunga mjadala.

---

Binti Mzabibu:

Mleta uzi, swali lako la lebo nakujibu mimi. Nimevuna zabibu misimu miwili huku Marche, mkoa wenye hiyo Ancona yako, nimebeba kreti mpaka mgongo ukaniita jina langu kamili.

Verdicchio ni jina la zabibu, na limetoka kwenye neno verde, kijani, kwa ajili ya hiyo rangi uliyoiona. Marche ina maeneo mawili ya Verdicchio yenye sheria zake. Kubwa ni Verdicchio dei Castelli di Jesi, vile vijiji vya vilimani kuzunguka mji wa Jesi, kama Cupramontana, Staffolo, Montecarotto. Lilipata DOC mwaka 1968. Dogo ni Verdicchio di Matelica, liko ndani zaidi milimani, na lenyewe lilitangulia kwa mwaka mmoja, 1967. DOC maana yake serikali imeweka sheria: zabibu zitoke wapi, ziwe za aina gani, kiasi gani kwa hekta. Kwa hizi mbili, angalau asilimia 85 iwe Verdicchio.

Ukiona Classico, ujue zabibu zimetoka kwenye eneo la asili, la zamani. Superiore maana yake zimeiva zaidi, kileo kisipungue asilimia 12. Riserva imekaa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa, na hiyo ndiyo yenye DOCG, daraja la juu ya DOC, utaona kile kikaratasi chenye namba kimebandikwa shingoni mwa chupa.

Kwa joto, na hapa naongea kwa mapenzi yangu, chukua Classico Superiore ya mavuno ya mwaka jana au juzi. Huku Marche euro 9 mpaka 13 unapata kitu cha maana. Riserva iache mpaka mwezi wa kumi na moja. Ni nzuri, ila ni nzito, inataka kuku wa kuoka na mtu aliyevaa sweta.

Ile ya maji ya chumvi haikuandikwa Classico, au nimekosea?

---

Mvuja Jasho:

Dada, hujakosea. Imeandikwa Verdicchio dei Castelli di Jesi basi, na picha ya samaki mkubwa. Nilinunua kwa sababu ya samaki.

---

Binti Mzabibu:

Picha ya samaki usiiamini hata siku moja 😂

Matelica nayo itafute. Mabonde mengi ya Marche yameelekea baharini, upepo wa bahari unaingia mpaka ndani. Bonde la Matelica limekaa kaskazini kwenda kusini, milima imelikinga. Mchana linaungua, usiku unatafuta blanketi. Zabibu zinaiva kwa jua la mchana lakini baridi ya usiku inazuia uchachu usipotee. Ndiyo maana ya Matelica inakuwa kama imenyooka zaidi. Ya Jesi ina mwili kidogo, inakukumbatia. Siku ya nyuzi 37 mimi ni Matelica.

---

Mpishi Msaidizi:

Naona Marche wamejaa humu. Acheni niseme kwa niaba ya pwani ya upande wa pili.

Niko jikoni Genova mwaka wa nne. Jikoni kwenyewe ni kadogo kama kabati, majiko sita yanawaka, mwezi wa nane sijui nikuelezeje. Tukimaliza zamu, saa sita usiku, tunatoka nyuma tunakaa kwenye kreti na chupa ya Vermentino. Hiyo ndiyo waini ya joto. Mleta uzi, usiniletee tena habari ya zabibu ya bara mpaka umeonja zabibu inayoangalia bahari.

Vermentino ina majina mengi kuliko tapeli. Magharibi ya mkoa wetu wa Liguria, kule Albenga, wanaiita Pigato na watakugombeza ukisema ni Vermentino. Piemonte wanaiita Favorita. Ufaransa, upande wa Provence, ni Rolle. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni zabibu ileile. Nimeshamwambia hivyo mzee mmoja wa Albenga, hakunisalimia wiki nzima.

Halafu kuna Sardinia. Vermentino di Gallura, kaskazini mashariki ya kisiwa, ilipata DOCG mwaka 1996, na kisiwa kizima hakina DOCG nyingine. Ardhi ya kule ni mawe ya matale yaliyosagika, mizabibu inapigwa na upepo wa mistral mpaka inainama. Ukiinywa unaweza kuapa kuna chumvi ndani. Ganda la ndimu, majani ya porini, na mwishoni nayo ina uchungu. Kwa hiyo uchungu wako sio mali ya Jesi peke yake, mkuu.

Angalia kitu kimoja tu: kileo. Gallura inaanzia asilimia 12, Superiore 13, na miaka ya jua kali unakuta chupa ya 14. Kwenye joto asilimia 14 inakupanda kichwani kabla hujamaliza mkate.

---

Mvuja Jasho:

Mpishi, hiyo ya kileo umegonga. Ile chupa yangu nzuri sana ilikuwa 12.5. Kuna moja ya kawaida ilikuwa 14, na nakumbuka iliniunguza kooni kama dawa ya kikohozi, hasa ilipopoteza ubaridi. Nilidhani ni mimi.

---

Mpishi Msaidizi:

Sio wewe. Kadiri waini inavyopata joto ndivyo kileo kinavyopanda puani. Ya 12 unaweza usikione. Ya 14 kinakuja mbele ya harufu zote.

---

Sharubati:

Mimi sinywi pombe ila huu uzi nausoma kama tamthilia. Swali la mtu wa nje: kwa nini kiuchungu kiwe kitu cha kusifia? Si mnatafuta kitu kitamu?

---

Binti Mzabibu:

Swali zuri, na mtu wa nje ndiye anayeuliza yale ambayo sisi tunaona aibu kuuliza. Kitamu kwenye joto kinakinaisha. Chukua juisi yenye sukari: glasi ya kwanza raha, ya pili kinywa kinanata, ya tatu unataka maji. Uchachu na uchungu kidogo vinafanya kinywa kijisafishe. Wewe mwenyewe ukiwa na kiu, ndimu kwenye maji inakusaidia kuliko sharubati, jina lako lisichukie.

---

Sharubati:

Limechukia. Endeleeni.

---

Chumvi Kidogo:

Nichangie kwa njia ya ushuhuda wa maumivu.

Mwaka jana nilikuwa nimepanga chumba Bologna, ghorofa ya nne, hakuna kiyoyozi. Wageni wanakuja saa mbili usiku, saa moja na nusu nakumbuka waini iko juu ya kabati, ina joto kama chai. Nikaitupa kwenye friza. Wageni wakaja, tukaanza kupiga stori, nikasahau. Saa tano usiku nasikia kishindo jikoni. Kizibo kimeruka, waini imeganda kama barafu ya watoto, imeshikana na mbaazi na samaki. Maji ndani ya waini yakiganda yanatanuka, na friza inakwenda nyuzi 18 chini ya sifuri wakati waini inaanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 tu chini ya sifuri. Nilikwangua na mwiko mpaka saa saba.

Tangu hapo natumia ndoo. Barafu nusu, maji yajae mpaka shingo ya chupa, halafu chumvi ya jikoni viganja viwili vitatu. Watu wengi wanasahau maji. Barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache, katikati ni hewa. Maji yanaizunguka chupa yote. Chumvi nayo inayafanya maji yaweze kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Zungusha chupa mara kwa mara. Dakika 15, umemaliza.

Halafu usiiache humo! Itoe, iweke mezani dakika tano. Hizi mnazotaja mimi naona zinapendeza kwenye nyuzi 9 au 10. Sina kipimo, natumia kiganja: nikishika glasi nikasikia baridi lakini sitaki kuiachia, imefika.

---

Mzee Kandambili:

Hiyo ya chumvi naichukua. Mengine nimesoma tu.

---

Mvuja Jasho:

Jamani niwape na hii. Jumamosi nilipanda treni kwenda Jesi, nusu saa hivi kutoka Ancona. Mji mdogo una ukuta wa kale unaouzunguka, na ndiko alikozaliwa mfalme Federico wa Pili mwaka 1194, wana kiwanja chenye jina lake. Nikachukua basi hadi Cupramontana, wana jumba la makumbusho la lebo za waini. Lebo tu! Ukuta mzima wa vikaratasi. Niliingia nicheke, nikatoka baada ya saa moja na nusu.

Kule ndiko nilikoiona kwa karibu ile chupa yenye kiuno. Kijani, imejaa juu, imebanwa katikati, ina umbo la mtungi wa kale. Shingoni ilikuwa inaning'inia karatasi iliyokunjwa kama barua. Nikaambiwa ilichorwa na msanifu majengo Antonio Maiocchi mwaka 1953 kwa ajili ya kampuni ya Fazi Battaglia, na ndiyo iliyoifanya Verdicchio ijulikane nje ya Italia. Mhudumu wa pale, kijana wa makamo, akasema kwa masikitiko kidogo kwamba watu waliikumbuka chupa wakaisahau waini. Ikawa kinywaji cha likizo, cha kuagiza ukiwa na kaptula.

Mimi nikamwambia, lakini nimevaa kaptula. Akacheka akanimiminia.

---

Nimekaa Pale:

Mkuu wewe una kipaji cha kumiminiwa.

---

Dada wa Milo:

Habari wapendwa. Nimechelewa, nilikuwa kazini.

Mmesahau volkano. Ninafanya kazi ya usafi kwenye nyumba za wageni Milo, mashariki ya mlima Etna, Sicilia. Zabibu yetu nyeupe inaitwa Carricante. Etna Bianco lazima iwe nayo angalau asilimia 60, na ile inayoandikwa Superiore inatoka Milo peke yake, angalau asilimia 80. Mashamba yanapanda mpaka karibu mita 900 na kitu, udongo mweusi wa majivu, mchana jua la Sicilia, usiku tunafunga madirisha hata mwezi wa nane. Hiyo hoja ya Binti Mzabibu ya mchana na usiku, sisi tunayo mara mbili.

Ladha yake ni kama kulamba jiwe lililonyeshewa na kulikamulia ndimu. Naisema vibaya lakini ni tamu, maana yake nzuri. Na mleta uzi, kuhusu kupata joto kwenye glasi: wageni wangu waliwahi kuacha chupa nusu barazani usiku kucha. Asubuhi nikaionja kabla ya kumwaga (msiniseme). Bado ilikuwa imesimama.

Tatizo ni bei. Chini ya euro 18 hupati ya kujivunia, na nyingine zinafika 30.

---

Mvuja Jasho:

Dada, kwa bei hiyo mimi ni mwananchi wa Jesi.

---

Kizibo:

Naomba niweke onyo kabla watu hawajakimbilia dukani. Soave mmeiruka, na ni dhambi. Mzee Kandambili amekaa Verona miaka 6 anakunywa Pinot Grigio wakati Soave iko pale, basi moja tu. Zabibu yake ni Garganega, angalau asilimia 70, na vilima vya Soave Classico vina udongo wa volkano ya kale. Lozi zimo, uchachu upo, bei ni ileile ya Verdicchio. Na kwenye Soave wanaruhusiwa kuchanganya zabibu inayoitwa Trebbiano di Soave, ambayo wataalamu wa vinasaba wameikuta ni Verdicchio kwa jina lingine. Ile ya Lugana, kusini mwa ziwa Garda, wanayoiita Turbiana, nayo ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo mzee umekaa na Verdicchio mlangoni miaka yote hiyo.

---

Mzee Kandambili:

Mnanionea sasa.

Nitaijaribu. Nikikuta ni uongo narudi humu.

---

Sharubati:

Nimeona mahali wameandika Pecorino kwenye orodha ya waini. Si ndiyo jibini?

---

Mpishi Msaidizi:

Ni jibini na ni zabibu. Zote mbili zimetokana na pecora, kondoo. Jibini kwa sababu ya maziwa. Zabibu, wanavyosimulia, kwa sababu kondoo walipokuwa wanapelekwa malishoni walikuwa wanazila njiani. Nilipoanza kazi, meza namba 4 iliagiza Pecorino, nikawakatia sahani ya jibini na asali. Walikuwa wanataka chupa. Wakala jibini, wakalipa, wakaagiza na chupa. Mpishi mkuu akaniambia niwe nakosea kila siku.

Ilikuwa karibu kupotea zabibu hiyo. Miaka ya 1980 mkulima Guido Cocci Grifoni alifuatilia mizabibu michache iliyobaki Arquata del Tronto, kusini mwa Marche milimani, akachukua vipandikizi akaanza upya. Leo iko Marche na Abruzzo kote. Ina uchachu mkali, lakini kileo kinapanda haraka, 13.5 ni kawaida. Kwa joto naiweka nyuma ya Vermentino. Kwa samaki wa kukaanga naiweka mbele.

---

Mvuja Jasho:

Wakuu, mrejesho.

Jana Jumapili, saa tisa, nyuzi 34. Nilinunua chupa nne: Verdicchio di Matelica 12.5, Vermentino ya Sardinia 13, Soave Classico 12, na kwa heshima ya Mzee Kandambili, Pinot Grigio ya euro 5. Ndoo, barafu, maji, chumvi. Dakika 15 kwa saa. Mwenzangu wa kazini, yule wa feri (alifika Croatia, amerudi), akamimina akiwa jikoni ili nisijue ipi ni ipi. Glasi nne, namba chini kwa kalamu. Tukaziweka kibarazani.

Zilipotoka tu kwenye ndoo, Mzee yuko sahihi kwa asilimia mia. Nilishindwa kuzitofautisha. Namba 3 niliipa ushindi, ilikuwa nyepesi, safi, inateleza.

Baada ya dakika 20 tukarudia. Namba 3 ilikuwa imekwisha. Sio mbaya, ila haipo. Maji yaliyopita karibu na tunda. Namba 1 ilikuwa na harufu ya maua meupe na pichi ambayo mwanzo haikuwepo kabisa, na mwisho wake lozi, laini. Namba 4 ilileta chumvi na majani, nikamkumbuka Mpishi na kreti yake, ila kileo kilianza kuonekana puani. Namba 2 ilikuwa kama mtu aliyenyoosha mgongo: uchachu uleule wa mwanzo, shamari, na ule uchungu.

Baada ya dakika 40 namba 3 nilimwagia mmea. Namba 4 nikaihurumia, nikaongeza baridi. Zilibaki 1 na 2, tukabishana mpaka giza.

3 ilikuwa Pinot Grigio. 4 Vermentino. 1 ni Soave. 2 ni Matelica.

Binti Mzabibu, umeshinda. Kizibo, umenishangaza, kwa euro 8 ile Soave sikuitegemea. Mpishi, nadhani nilichukua chupa isiyokutendea haki, ilikuwa ya Sardinia kwa ujumla, sio Gallura, usininunie.

---

Mpishi Msaidizi:

Nimenuna. Tafuta Pigato ya 12.5, ndipo tuzungumze.

---

Kizibo:

Mrejesho mzuri, ila niseme kwa haki: zipo Pinot Grigio nzuri, hasa za Friuli na Alto Adige. Ya euro 5 imetengenezwa inywewe baridi, na haikudanganyi. Umeipeleka kwenye mbio ambazo haikuandikishwa.

---

Mzee Kandambili:

Kizibo asante. Angalau mtu mmoja.

(Soave nimeinunua. Sitasema zaidi.)

---

Chumvi Kidogo:

Zilizobaki umefanyaje? Chupa nne watu wawili, msije mkaokotwa.

---

Mvuja Jasho:

Hatukumaliza hata nusu. Nimerudisha vizibo, nimeweka friji. Ya Matelica nimeionja leo jioni, siku ya pili, naona imetulia, uchachu umepungua makali kidogo. Tulikunywa na maji, glasi kwa glasi, asubuhi kichwa kilikuwa changu.

Na nimalizie hili la yule mama. Leo mchana nimepita kwake. Nikakaa meza ileile, nikaagiza bia, makusudi kabisa, nione. Hakunyanyua macho. Jagi lilikuwa limeshatoka kabla sijamaliza kusema.

---

Sharubati:

Na maji anayo?

---

Mvuja Jasho:

Anayo. Chupa ya lita, yenye gesi. Nayo hauulizwi.